Nafasi na ufikiaji wa vipuri katika MGB

MGB ni gari dogo la michezo lililoundwa katika kiwanda cha MG mjini Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi Oktoba 1980. Yaliundwa zaidi ya magari 500,000 ya aina hii, na ndiyo maana ni miongoni mwa magari ya michezo ya zamani yanayoonekana barabarani hadi leo, hasa Uingereza na Marekani. Mengi kati yake huhudumiwa nyumbani na wenyewe. Makala hii inaeleza matatizo madogo ya nafasi wanayokutana nayo: mahali ambapo mkono hauingii, spana haizunguki, mlango haukai sawa au dereva hapati pa kuweka magoti, pamoja na njia zinazotumika kuyatatua.

Matatizo haya huitwa madogo kwa sababu mara nyingi hayahitaji kipuri cha bei kubwa. Hata hivyo yana uzito wake, kwa kuwa sehemu isiyofikika kwa urahisi kwa kawaida haihudumiwi. Betri iliyofichwa nyuma ya kiti haikaguliwi mpaka gari likatae kuwaka. Tope lililojificha nyuma ya gurudumu la mbele haliondolewi mpaka kutu iwe imekula chuma kinachobeba gari. Nati ya chini isiyoonekana hukazwa nusu na kuachwa hivyo.

Chanzo cha ubanano

MGB ilichukua nafasi ya MGA, gari lililokuwa na chasisi ya pekee na bodi iliyowekwa juu yake. MGB haina chasisi ya namna hiyo. Sakafu, handaki la giaboksi, vizingiti vya milango na ukuta ulio kati ya injini na dereva vimechomelewa pamoja kuwa kitu kimoja, nacho ndicho kinachobeba uzito wote. Muundo huo uliwawezesha wahandisi kupata nafasi kubwa zaidi ya watu ndani ya gari fupi zaidi: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulipungua kutoka inchi 94 za MGA hadi inchi 91 (sm 231), lakini miguu ya dereva ikapata pa kunyooka. Hasara yake ni kwamba vitu ambavyo katika gari la chasisi vingefunguliwa na kuondolewa, katika MGB havifunguki.

Gari zima lina urefu wa mita 3.9 hivi, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.25. Ndani ya vipimo hivyo imo injini ya chuma ya silinda nne yenye ujazo wa cc 1798, iliyotokana na injini za magari ya kawaida ya familia ya kampuni ya BMC. Mbele ya injini hiyo na juu yake nafasi inatosha. Nyuma yake, karibu na ukuta wa dereva, pamebanana. Na pembeni yake chini pamebanana zaidi.

Hata kiwanda chenyewe kilisumbuliwa na nafasi. Mwaka 1967 ilipotolewa MGC, yenye injini ya silinda sita ya cc 2912, injini hiyo haikuenea chini ya boneti ya kawaida. Springi za mbele zilibidi zibadilishwe ziwe za aina nyingine, na boneti ikapewa nundu kubwa katikati pamoja na nundu ndogo ya ziada juu ya kabureta. Miaka michache baadaye fundi Ken Costello alianza kuweka injini ya Rover ya V8 katika MGB, naye pia akaongeza nundu kwenye boneti. Kiwanda kilipotengeneza MGB GT V8 yake mwaka 1973, wahandisi walizisogeza kabureta nyuma juu ya mabomba ya hewa yaliyoundwa upya, na boneti ya kawaida ikafunga bila nundu. Njia ya Costello ilikuwa ya haraka, lakini ile ya kiwanda haikudai kuigusa boneti. Mwenye gari hukutana na uchaguzi wa aina hiyo mara kwa mara: kukata bodi ili kitu kienee, au kukipanga upya kile kitu.

Spana za inchi

Kabla ya kulaumu nafasi, inafaa kuhakikisha kwamba spana ni sahihi. Bolti na nati nyingi za MGB ni za vipimo vya inchi, na spana za milimita hukaribiana nazo bila kulingana. Spana ya mm 13 hushika nati ya nusu inchi (mm 12.7) kwa ulegevu kidogo. Mahali pa wazi ulegevu huo hauonekani, lakini mahali pembamba, ambapo spana hushikwa kwa vidole viwili, hutosha kula kona za nati. Nati iliyoliwa kona ndani ya shimo ni tatizo kubwa kuliko lile la mwanzo. Mafundi wa Afrika Mashariki waliowahi kuhudumia Land Rover za zamani wanazifahamu spana hizi, kwa kuwa magari hayo nayo yalifungwa kwa inchi. Baadhi ya skrubu ndogo katika vifaa vya umeme na kabureta zina vipimo vingine vya Kiingereza vya zamani zaidi, na hazipaswi kulazimishwa.

Mafundi wengi wa MGB huwa na spana moja au mbili walizozikata fupi au kuzipinda kwa moto kwa ajili ya nati fulani tu. Si ufundi wa kizembe. Spana ya bei ndogo iliyokatwa inaweza kuokoa saa mbili za kazi. Mbinu nyingine ni za kawaida: kubandika nati ndani ya spana kwa grisi nzito ili isianguke, kutandaza kitambaa chini ya sehemu inayofunguliwa, na kuwa na sumaku yenye mpini mrefu kwa ajili ya kile kilichokwisha kuanguka.

Betri

Hadi mwaka 1974 MGB ilikuwa na betri mbili za volti 6, zilizounganishwa kwa mfuatano ili kutoa volti 12. Kila moja ilikaa katika kisanduku chake cha chuma chini ya sakafu nyuma ya viti, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kwa mizani ya gari mpango huo ni mzuri, kwa kuwa uzito unakaa chini na katikati. Kwa mwenye kuzihudumia ni adhabu. Lazima asogeze viti mbele, aondoe mizigo, ainue zulia, afungue kifuniko, kisha ainame kichwa chini miguu juu ili kuona kama maji ya betri yanatosha. Katika MGB GT, ile yenye paa la chuma iliyotoka mwaka 1965, kiti kidogo cha nyuma nacho hubidi kiondolewe kwanza.

Matokeo ni kwamba betri husahaulika. Vichwa vyake huota ukungu mweupe, na kwa kuwa betri ni mbili, viungo vya nyaya ni vingi. Kimoja kikilegea, gari zima hukosa nguvu ya kuzungusha stata. Wengi wamebadilisha stata nzima kabla ya kugundua kwamba kosa lilikuwa kwenye waya mfupi unaounganisha betri mbili. Visanduku vyenyewe hurushiwa maji na matope kutoka chini, na asidi ikivuja kutoka juu chuma hutoboka. Betri inayokaa juu ya kisanduku kilichooza inaweza kushuka na kugusa propela au barabara.

Njia iliyozoeleka ni kuondoa betri mbili na kuweka moja ya volti 12, ndogo ya kutosha kuingia katika kisanduku kimoja. Kiwanda chenyewe kilifanya hivyo katika magari ya mwisho. Kisanduku kinachobaki wazi hutumiwa kuhifadhi zana. Betri mpya isiyohitaji kuongezwa maji hupunguza safari za kuinamia sakafu, na vituo viwili vya kuunganishia nyaya vikiwekwa mahali panapofikika, kama ndani ya buti, gari linaweza kuchajiwa au kuwashwa kwa betri ya gari lingine bila kuinua zulia. Vituo hivyo lazima viwe na vifuniko vya mpira na waya wake uwe na fyuzi kubwa. Swichi ya kukata umeme wote nayo inafaa, kwa kuwa wakati wa moto hakuna atakayeweza kuinua zulia nyuma ya kiti.

Tahadhari moja haina budi kutajwa. Katika MGB za kabla ya mwisho wa mwaka 1967, nguzo chanya ya betri ndiyo iliyounganishwa na bodi, kinyume cha magari ya leo. Anayeunganisha betri mpya kwa mazoea anaweza kuunguza vifaa. Magari mengi yamebadilishwa na wamiliki waliotangulia, kwa hiyo mwaka wa gari pekee hautoshi kuwa ushahidi. Nyaya zenyewe ndizo za kufuatwa kwa macho.

Chujio la oili na stata

Plagi, distributa, chujio la oili na stata vyote viko upande wa kulia wa injini. Katika gari lenye usukani wa kulia, mhimili wa usukani nao hupita upande huohuo, na nafasi inayobaki ni ndogo. Plagi hufunguliwa bila shida. Stata ndiyo ngumu: iko chini, bolti yake ya juu imefichwa na vitu vingine, na wengi hushindana nayo kutoka juu kwa nusu siku. Kuondoa chujio la oili au distributa kwanza huonekana kama kuongeza kazi, lakini kwa kweli huipunguza. Anayeondoa distributa aweke alama ya mahali rota inapoelekea na mahali distributa yenyewe ilipokaa, la sivyo injini haitawaka au itawaka kwa kugonga.

Katika magari ya mwanzo chujio huning'inia ndani ya kopo la chuma linaloshikiliwa na bolti moja ndefu. Kati ya kopo na kichwa chake kuna pete ya mpira inayokaa ndani ya mfereji mwembamba. Pete ya zamani hugandamana na mfereji huo, na kwa kuwa kichwa hakionekani vizuri, fundi hudhani haipo. Akiweka pete mpya juu ya ile ya zamani, kopo hukaa upande. Injini ikiwaka, oili hutoka kwa nguvu pembeni, na ndani ya dakika chache tu injini inaweza kubaki bila oili. Dawa ni sindano na taa: mfereji ukwanguliwe mzunguko mzima mpaka chuma kionekane, na baada ya kukaza kopo injini iwashwe kidogo huku mtu wa pili akitazama. Magari ya katikati yana kopo lililogeuzwa likaangalia juu. Lenyewe hufikika kwa urahisi lakini humwaga oili juu ya injini linapofunguliwa, kwa hiyo hutobolewa au hufungwa kwa kitambaa kwanza. Magari ya baadaye yana chujio la kuzungusha kwa mkono kama la magari ya leo.

Upande wa kushoto kuna kabureta, mabomba ya hewa na ya moshi. Ugumu wa upande huu ni mmoja. Mabomba ya hewa na ya moshi hushikwa na washa nene za pamoja, kila washa ikikanyaga mabomba yote mawili. Mabomba yakiwa na unene usiolingana, washa hukanyaga moja na kuacha jingine likivuja, hata nati ikikazwa vipi. Unene ukisawazishwa kwa tupa kabla ya kufunga, uvujaji hukoma.

Hita

Kisanduku cha hita kimekaa juu ya kishubaka nyuma ya injini, na mabomba yake ya kupeleka hewa yanashuka ndani ya chumba cha dereva chini ya dashibodi. Miongoni mwa wenye MGB upo utani kwamba kiwandani waliweka hita kwanza kisha wakajenga gari kuizunguka. Aliyewahi kuitoa hacheki sana.

Kabla ya kuitoa ni vizuri kujua ni nini hasa kimeharibika. Ikiwa feni ndiyo haizunguki, mota yake hufunguliwa kutoka mbele kwa skrubu chache bila kuhamisha kisanduku. Ikiwa maji ya moto hayafiki, kosa linaweza kuwa kwenye koki iliyo nyuma ya kichwa cha injini, ambayo hufunguliwa peke yake. Ni pale tu radiata ndogo iliyo ndani ya kisanduku inapovuja ndipo kisanduku kizima hubidi kitoke.

Kinachokwamisha kazi hii ni mpangilio wake. Wengi hufungua skrubu za kisanduku, huvuta kwa nguvu na hukwama, kwa sababu mabomba ya ndani bado yamekishika. Kazi huanza ndani ya gari: mabomba ya kupeleka hewa kwenye kioo huvutwa na kutolewa chini ya dashibodi, kebo ya kurekebisha hewa hufunguliwa, na zulia hufunikwa kwa nailoni kwa kuwa maji yaliyobaki yatamwagika tu. Baada ya hapo ndipo mabomba ya maji na skrubu hufunguliwa. Wakati wa kurudisha, sponji mpya inayoziba ukingo wa kisanduku ndiyo inayokataa kuteleza. Ikipakwa maji ya sabuni huingia. Kuipunguza sponji kwa kisu huonekana njia rahisi, lakini joto na harufu ya injini huingia kwa dereva baadaye.

Klachi

Hapa hakuna njia ya mkato. Handaki la giaboksi ni sehemu ya bodi, na giaboksi haliwezi kurudi nyuma wala kushuka vya kutosha kuachana na injini. Kubadilisha sahani ya klachi, ambayo kwa bei ni kipuri cha kawaida, hudai kutoa injini yenye uzito wa zaidi ya kg 150. Katika Triumph Spitfire, mshindani wa wakati huohuo, kifuniko cha handaki hufunguliwa kwa skrubu na giaboksi hutolewa kupitia ndani ya gari. Wapo wenye MGB ambao kwa kuiona Spitfire walishawishika kukata handaki lao na kutengeneza mlango. Handaki hilo ni uti wa mgongo wa gari lisilo na paa. Kulikata bila kurudishia nguvu yake ni kulidhoofisha gari zima kwa sababu ya kazi inayofanyika mara moja kwa miaka mingi.

Lililo jema ni kuifanya kazi hiyo iwe nadra. Beringi inayosukuma klachi ya MGB ni ya kaboni, nayo huisha kwa kusuguana. Dereva anayekanyaga klachi muda wote akingoja taa ya barabarani anaimaliza haraka. Anayeweka gia huru na kuachia pedali huidumisha. Injini ikishatolewa, beringi hiyo, sahani zote mbili na sili ya nyuma ya injini hubadilishwa pamoja hata kama kimoja bado kinaonekana kizima. Wakati wa kurudisha, sahani ya klachi hulinganishwa kwa fimbo maalumu kabla ya kukazwa. Bila hivyo shafti ya giaboksi haiingii, na anayeisukuma kwa kukaza bolti anaweza kupinda sahani mpya.

Jambo jingine dogo la handaki: katika magari ya mwanzo kijiti cha kupimia oili ya giaboksi kiko chini ya zulia, ndani ya tundu lililozibwa kwa kizibo cha mpira. Wapo walioishi na MGB miaka mingi bila kujua kwamba kipo, maana mtu aliyebadilisha zulia kabla yao hakukata nafasi yake.

Milango na vizingiti

Katika MGB isiyo na paa la chuma, nguvu ya bodi hutegemea vizingiti vilivyo chini ya milango. Kila kizingiti kina mabati ya ndani, ya katikati na ya nje, na ncha yake ya mbele imefichwa nyuma ya matgadi. Matope yanayorushwa na gurudumu la mbele hukusanyika hapo, hubaki na unyevu, na kutu huanza mahali ambapo jicho halifiki. Rangi ya nje inaweza kung'aa huku ndani kumeisha. Kuosha sehemu hiyo kwa mpira wa maji kutoka ndani ya tao la gurudumu ni kazi ya dakika tano, nayo ina faida kuliko matengenezo mengi ya gharama.

Mlango ndio unaotoa habari za kizingiti. Mwanya kati ya mlango na matgadi ya nyuma ukiwa mwembamba juu kuliko chini, au mlango ukigoma kufunguka gari likiwa juu ya jeki, bodi inajikunja katikati. Hapo kurekebisha bawaba ni kuficha ugonjwa. Anayebadilisha kizingiti lazima kwanza achomelee au afunge kwa bolti vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, na gari likae likiwa limeegemezwa kwenye ekseli, si katikati ya sakafu. Wasiofanya hivyo hukata kizingiti cha zamani, gari hushuka kidogo bila kuonekana, kisha huchomelea kipya na kuufanya upindaji huo uwe wa kudumu. Wakirudisha mlango haufungi tena, na hakuna kurekebisha bawaba kutakakousaidia.

Bodi ikiwa nzima, kupanga mianya kuna utaratibu wake. Matgadi ya nyuma yamechomelewa, hayasogei. Matgadi ya mbele yamefungwa kwa bolti. Kwa hiyo mlango hulinganishwa kwanza na matgadi ya nyuma, halafu matgadi ya mbele hulinganishwa na mlango, na boneti hufuata mwisho. Anayeanza na boneti hulazimika kurudia. Kutoa matgadi ya mbele katika gari lisilo na paa kuna mtego: ncha yake ya nyuma imepita chini ya fremu ya kioo cha mbele, na fremu hiyo hubidi ifunguliwe. Bolti za fremu hufikiwa kutoka ndani, pembeni chini ya dashibodi, mahali ambapo fundi hulala chali na miguu ikiwa juu ya kiti. Kwa kuwa fremu ikitoka mpira wake wa chini huharibika, huagizwa mpira mpya kabla ya kuanza.

Bati la nje la mlango nalo lina udhaifu unaojulikana: hupasuka kwa juu, chini ya kidirisha kidogo cha mbele. Kidirisha kikitikisika, au mtu akikishika ili kufungia mlango, nguvu yote hukusanyika kwenye kona hiyo. Kuchomelea ufa peke yake hakutoshi. Shikizo la kidirisha ndani ya mlango lazima likazwe lisicheze, la sivyo ufa hurudi.

Kuhusu boneti, kebo ya kuifungua ikikatika, kitasa hufikiwa kwa shida kutoka chini ya gari. Wenye tahadhari hufunga waya wa pili kwenye kitasa na kuuelekeza mahali pa siri panapofikika. Waya huo huwekwa kebo ikiwa bado nzima.

Dereva na kiti

Mtu mrefu huketi ndani ya MGB miguu ikiwa imenyooka vizuri, lakini mapaja yake hugusa usukani, ambao katika magari ya mwanzo ni mkubwa. Suluhisho la kwanza ambalo wengi hulikimbilia ni usukani mdogo wa sm 35 hivi. Husaidia mapaja, lakini huongeza uzito wa kukata kona wakati wa kuegesha, kwa kuwa gari halina msaada wa usukani, na huweza kuficha mita za dashibodi.

Kabla ya hapo ni heri kutazama chini ya kiti. Reli za kiti hukaa juu ya vipande vya mbao. Vikiondolewa au kupunguzwa, kiti hushuka zaidi ya sentimeta moja, na kwa gari la kimo hiki sentimeta moja ni nyingi. Lakini mara nyingi kiti cha zamani hakiko mahali pake hata kidogo: mkeka wa mpira unaoshikilia sponji umelegea au umekatika, na dereva anazama huku magoti yakipanda. Mkeka mpya na sponji mpya humrudisha alipokusudiwa kukaa. Mtu mfupi ana tatizo la kinyume, nalo hutatuliwa kwa mto mgumu uliofungwa kwenye mgongo wa kiti. Mto laini wa sebuleni haufai, kwa kuwa dereva akifunga breki ghafla mgongo hubonyea nyuma na mguu hupoteza pedali.

Bolti za reli hufungwa kutoka juu kwenye nati zilizochomelewa sakafuni. Kutu ikizilegeza, nati huzunguka pamoja na bolti, na kiti hakitoki wala hakikazi. Kila bolti hupakwa mafuta ya kulainisha siku moja kabla ya kufunguliwa. Nati iliyokwisha kulegea huchomelewa upya. Kiti kilichoshikwa na bolti tatu hakifai kuendeshwa, maana mkanda wa usalama humzuia mtu kwa hesabu kwamba kiti hakitahama.

Pedali ziko karibukaribu na nafasi ya mguu wa kushoto ni finyu. Katika magari ya mwanzo swichi ya taa kubwa na ndogo nayo ipo hapohapo sakafuni. Viatu vyembamba hutatua jambo hili bila spana yoyote, na baadhi ya madereva huweka jozi maalumu ndani ya gari.

Tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi mpya za MGB kwa kutumia mitambo na kalibu zilizotumika kiwandani. Mwenye gari lililooza kabisa anaweza kununua bodi nzima na kuhamishia vipuri vyake. Hata kwa bodi hiyo mpya milango na boneti hulinganishwa kwa mkono, mwanya kwa mwanya, kuanzia matgadi ya nyuma.